Mgonjwa wa Figo na Mashine ya Kusafisha Damu

Ndugu msomaji, huenda katika kijiji chako yuko mtu ambaye kila wiki hupanda gari kwenda hospitali kubwa kusafishwa damu. Huondoka alfajiri, hurudi jioni, na akirudi hulala. Watu humwona amechoka kuliko alivyoondoka. Ndipo maneno huanza: "Mashine ile inammaliza. Kila anayewekwa kwenye mashine hafiki mbali."

Maneno hayo yana hatari. Mgonjwa akiyasikia kila siku, mwisho huvunjika moyo akabaki nyumbani. Na mtu ambaye figo zake zimekufa kabisa, akiacha kusafishwa damu, mara nyingi haishi zaidi ya siku chache au wiki chache. Kwa hiyo ni vizuri tujue mashine hiyo inafanya nini, kwa nini inachosha, na jinsi kazi yake inavyoweza kufanywa kwa upole na usalama zaidi. Sehemu ya kazi hiyo ni ya daktari na wauguzi. Sehemu nyingine, nayo si ndogo, iko nyumbani: jikoni, kwenye mtungi wa maji, na kwenye daftari.

FIGO NA KAZI YAKE

Kila mtu ana figo mbili. Ziko upande wa mgongoni, chini ya mbavu, moja kushoto na moja kulia. Ukubwa wa kila figo ni kama ngumi ya mkono. Ndani ya kila figo mna vichujio vidogo sana, karibu milioni moja. Damu hupita humo usiku na mchana. Uchafu hutolewa pamoja na maji yaliyozidi, ukawa mkojo.

Maradhi yanayoua figo polepole ni hasa kisukari na shinikizo la damu, yaani presha. Figo zilizokufa hivyo hazirudi. Mgonjwa atasafishwa damu maisha yake yote, au mpaka apandikizwe figo ya mtu mwingine. Hapa Tanzania kazi hiyo ya kupandikiza ilianza Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2017. Lakini wapo wengine ambao figo zao huzimika ghafula, kwa malaria kali, kwa kuharisha sana, au kwa kutokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua. Hao husafishwa damu kwa siku au wiki chache, na wengi wao figo huamka tena.

Watu husema "amekwenda kusafisha figo." Si kweli. Figo hazisafishwi. Kinachosafishwa ni damu. Ninalisema hili kwa sababu wako wagonjwa wanaodhani kwamba figo zao zitaoshwa mpaka zitakate, halafu kazi iishe. Wanapoona miezi inapita na bado wanaitwa hospitali, hudhani wamedanganywa.

JINSI MASHINE INAVYOFANYA KAZI

Mtu wa kwanza kutengeneza mashine iliyofaa kwa binadamu alikuwa daktari wa Uholanzi, Willem Kolff, katika mji wa Kampen, mwaka 1943. Ilikuwa wakati wa vita na vifaa vilikuwa haba. Alichukua utepe mwembamba wenye uwazi ndani kama utumbo, uliotumiwa kufungia soseji, akauzungusha kwenye pipa la mbao. Wagonjwa wake wa mwanzo walikufa. Mwaka 1945 alipona mama mmoja wa miaka 67.

Mashine za leo ni nzuri zaidi, lakini kanuni ni ile ile. Damu hutoka mwilini kwa mpira, hupita ndani ya kichujio, halafu hurudi mwilini kwa mpira mwingine. Damu iliyo nje ya mwili kwa wakati mmoja si nyingi, ni karibu robo lita. Ndani ya kichujio mna nyuzi nyembamba kama nywele, nazo zina uwazi katikati. Damu hupita ndani ya nyuzi, na maji maalumu hupita nje yake. Uchafu huvuka kutoka kwenye damu kuingia kwenye maji, kisha humwagwa.

Kazi hii huchukua kama saa 4, na kwa kawaida hufanywa mara 3 kwa wiki. Wengi katika nchi zetu hufanya mara 2 tu, kwa sababu ya gharama na umbali.

Hebu fikiri: figo nzima hufanya kazi saa 168 kwa wiki. Mashine inapewa saa 12, au 8. Katika saa hizo chache inatakiwa itoe uchafu na maji ya wiki nzima. Uchovu mwingi wa mgonjwa unatoka hapo, kwenye haraka hiyo.

MFANO WA KISIMA

Unakijua kisima cha kuchimba wakati wa kiangazi. Ukiteka ndoo moja, ukasubiri, maji huchuruzika kutoka kwenye ardhi na kisima hujaa tena. Lakini wakija watu ishirini wakateka kwa kushindana, kisima hukauka. Ardhi iliyo pembeni bado ina maji, lakini hayajawahi kufika kisimani.

Mwili wa mgonjwa wa figo ni hivyo hivyo. Maji yaliyozidi yamejaa miguuni, usoni, na pengine kwenye mapafu. Mashine haiwezi kuyafikia huko. Inavuta maji ya kwenye damu tu. Yale ya mwilini hurudi kwenye damu polepole, kama maji ya ardhini yanavyoingia kisimani. Mashine ikivuta polepole, damu hujazwa. Ikivuta kwa haraka, damu hupungua kwenye mishipa, na presha huanguka ingawa miguu bado imevimba.

Presha ikianguka, mgonjwa hupiga miayo, hutoka jasho la baridi, huona kizunguzungu, hutapika, na misuli ya miguu hukaza kwa maumivu makali. Pengine huzimia. Moyo nao hukosa damu ya kutosha kwa muda. Jambo hili likirudiwa wiki baada ya wiki, moyo hudhoofika. Basi si suala la kuvumilia maumivu kishujaa. Mgonjwa anayevumilia kimya anaumiza moyo wake.

Sasa tufanye hesabu. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Mgonjwa anapokuwa hana maji ya ziada, uzito wake huitwa uzito mkavu. Daktari ndiye anayeupanga. Tuseme uzito mkavu wa mgonjwa wetu ni kilo 60. Akifika hospitali ana kilo 62, amebeba lita 2. Kwa saa 4, mashine itavuta nusu lita kila saa. Hiyo ni kazi ya upole. Akifika ana kilo 65, amebeba lita 5. Mashine italazimika kuvuta lita moja na robo kila saa. Hapo kisima kinakaushwa.

Wataalamu wengi hupenda mashine isivute zaidi ya mililita 13 kwa kila kilo ya mwili katika saa moja. Kwa mtu wa kilo 60 hiyo ni mililita 780, yaani karibu lita 3 kwa saa 4. Maji yakizidi hapo, ni afadhali muda uongezwe au mgonjwa arudi siku nyingine, kuliko kuvuta yote kwa mkupuo. Mgonjwa anayo haki ya kuuliza, "Muuguzi, leo nitatolewa lita ngapi, na kwa saa ngapi?" Swali hilo si utovu wa adabu. Na muuguzi akimwambia akae nusu saa zaidi, asinung'unike kwamba basi litamwacha. Nusu saa hiyo ni ya kuulinda moyo wake.

Huko Tassin, karibu na mji wa Lyon, Ufaransa, madaktari walisafisha damu ya wagonjwa kwa saa 8, mara 3 kwa wiki, tena wakapunguza sana chumvi katika chakula. Wagonjwa wengi wa hapo waliweza kuacha hata dawa za presha, na waliishi miaka mingi. Sisi hatuna mashine za kutosha kumpa kila mtu saa 8. Lakini kupunguza chumvi hakuhitaji mashine.

CHUMVI KWANZA, MAJI BAADAYE

Watu wengi humkataza mgonjwa maji, halafu humpikia mchuzi wenye chumvi. Hiyo ni kumtesa. Chumvi huita maji. Mtu akila chumvi ya kijiko kimoja na nusu cha chai, mwili utadai karibu lita moja ya maji ya kuifuata. Kiu hiyo haizuiliki kwa maonyo.

Kwa hiyo anza jikoni. Samaki wa ng'onda na dagaa waliotiwa chumvi si chakula chake. Vikolezo vya dukani vya vipande na vya unga vimejaa chumvi. Jihadhari pia na magadi. Wengi hawajui kwamba magadi tunayotia kwenye maharage na mboga ili zilainike yana madini yale yale ya chumvi yanayovuta maji mwilini. Tumia ndimu, kitunguu saumu, tangawizi, bizari na pilipili. Mwezi wa kwanza chakula kitaonekana hakina ladha. Baadaye ulimi huzoea. Ni vizuri nyumba nzima ile hivyo hivyo, kwa sababu chumvi nyingi haimfai mtu yeyote, na mgonjwa hataona kwamba ametengwa.

Kuhusu maji, daktari atasema kiasi. Wengi huambiwa wanywe kiasi cha mkojo wanaopata kwa siku, na kuongeza nusu lita hivi. Pima kiasi hicho asubuhi ukitie kwenye chupa moja. Kila anapokunywa kitu, maji ya kiasi hicho hicho yamwagwe kutoka kwenye chupa. Uji ni maji. Chai ni maji. Togwa, supu na mchuzi ni maji. Chupa ikiisha, siku imekwisha. Atumie kikombe kidogo badala ya bilauri kubwa, asukutue mdomo bila kumeza, au anyonye kipande cha limau. Mwenye kisukari ahakikishe sukari yake imeshuka, maana sukari ikipanda nayo huleta kiu.

Kuna jambo jingine ambalo halionekani kwenye mizani. Figo zikifa, madini ya potasiamu hubaki kwenye damu, na yakizidi moyo husimama ghafula. Madini hayo ni mengi katika ndizi, parachichi, machungwa, viazi, maharage na mchicha. Yamo kwa wingi katika maji ya dafu. Huku pwani dafu hupewa mgonjwa kwa nia njema kabisa. Kwa mgonjwa huyu usimpe. Ndizi za kupika na viazi vimenywe, vikatwe vipande vidogo, vichemshwe kwa maji mengi, na maji hayo yamwagwe. Kisha vipikwe katika maji mapya. Madini mengi yatakuwa yametoka. Hata hivyo ale kidogo, na aulize hospitalini.

Siku za hatari zaidi ni zile za mapumziko marefu. Mtu anayesafishwa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa hukaa siku mbili nzima, Jumamosi na Jumapili, bila mashine. Anayesafishwa mara mbili kwa wiki hukaa zaidi. Na siku hizo ndizo za harusi, ngoma na wageni. Hapo ndipo mgonjwa anapohitaji mtu wa kumkumbusha kwa upole.

MLANGO WA DAMU

Damu haiwezi kutoka na kurudi bila mlango. Zamani daktari alipotoboa mshipa, ulitumika mara chache ukaharibika, kwa hiyo wagonjwa wa kudumu hawakuweza kusaidiwa. Mwaka 1960, huko Seattle, Marekani, Daktari Belding Scribner aliweka mpira maalumu uliobaki kwenye mkono. Mwaka 1966 madaktari wa New York walieleza njia iliyo bora zaidi. Mpasuaji huunganisha mishipa miwili ya mkono, ule unaoleta damu kutoka moyoni na ule unaoirudisha. Mshipa hupanuka na kuwa imara baada ya wiki 6 au zaidi. Njia hiyo ndiyo salama kuliko zote mpaka leo.

Mkono wenye mshipa huo ni mali. Kila asubuhi mgonjwa auguse. Atasikia mtetemo, kama anapomgusa paka anayekoroma. Mtetemo ukipotea, aende hospitali siku hiyo hiyo. Kesho inaweza kuwa imechelewa. Mkono huo usipimwe presha, usitolewe damu, usichanjwe chale, usibebeshwe ndoo, usivalishwe bangili ya kubana, wala usilaliwe.

Wengine wana mpira shingoni au kifuani. Huo ni mlango wa muda, na vijidudu huupenda. Usiloweshwe. Mgonjwa asioge mtoni wala bwawani. Akipata homa, au akianza kutetemeka akiwa kwenye mashine, aseme mara moja. Mwenye mpira akimweleza daktari mapema kwamba anataka mshipa wa mkononi, anajisaidia sana.

SIKU YA MASHINE

Hospitali nayo ina wajibu wake. Kwa mgonjwa mmoja, saa 4 za mashine hutumia karibu lita 120 za maji, yaani madebe 6. Maji hayo lazima yachujwe mno. Hata maji ya bomba yaliyo salama kunywa hayafai, kwa sababu dawa ya klorini inayoua vijidudu huharibu damu ikiingia kwa njia ya kichujio. Kuchemsha hakutoshi. Mwaka 1996, katika mji wa Caruaru, Brazili, maji ya bwawa yenye sumu ya mwani yalifika kwenye mashine bila kusafishwa inavyopasa. Wagonjwa zaidi ya 50 walikufa. Ndiyo maana ukisikia hospitali imeahirisha kazi kwa sababu ya mtambo wa maji, usikasirike. Kasirika wakiendelea bila kuutengeneza.

Mgonjwa mpya huanzishwa kwa muda mfupi, kama saa 2, na damu huendeshwa polepole, ili ubongo usipate mshtuko wa mabadiliko ya ghafula. Asidhani amepunjwa. Kwa mgonjwa ambaye presha yake huanguka mara kwa mara, wauguzi wanaweza kupunguza kidogo joto la maji ya mashine. Atasikia baridi, basi aje na blanketi au shuka nzito. Lakini mkono wenye sindano usifunikwe. Wakina mama hupenda kujifunika khanga mwili mzima na kulala. Sindano ikichomoka chini ya khanga, damu nyingi humwagika kabla mtu hajaona. Mkono ubaki wazi, mbele ya macho ya muuguzi.

Asile mlo mzito akiwa kwenye mashine. Chakula huvuta damu kwenda tumboni, na presha huanguka. Kama anameza dawa za presha, amwulize daktari azimeze kabla au baada ya kusafishwa. Asiamue mwenyewe. Aulize pia kuhusu chanjo ya homa ya ini aina ya B, kwani ugonjwa huo huambukizwa kwa damu.

Na akianza kupiga miayo au kuona giza, amwite muuguzi hapo hapo. Muuguzi atamlaza, atainua miguu yake, na atapunguza kasi ya kuvuta maji. Dakika mbili za mapema huzuia kuzimia.

DAFTARI

Ndugu msomaji, sasa unajua kusoma, kuandika na kuhesabu. Katika nyumba ya mgonjwa, kazi hii inaweza kuwa yako. Chora mistari katika daftari. Andika tarehe, uzito wa asubuhi, presha kama imepimwa, maji aliyokunywa, na jinsi alivyojisikia. Zahanati ina mizani ya watu wazima. Ile ya kupimia magunia haifai, maana haionyeshi kilo moja vizuri. Mgonjwa apimwe saa ile ile kila mara, akiwa na nguo nyepesi, baada ya kukojoa. Daftari liende naye hospitali. Akipumua kwa shida usiku, au asipoweza kulala chali, usingoje siku yake ya zamu. Hayo ni maji ya mapafuni.

Hili hapa ni daftari la mfano. Lifanyieni kazi darasani.

Uzito mkavu wa mgonjwa ni kilo 50. Husafishwa damu kila Jumanne na kila Ijumaa, saa 4 kila mara.
Ijumaa: alifika na kilo 52. Alirudi nyumbani akitembea, akala.
Jumapili: harusi kwa jirani. Pilau, soda mbili, chai.
Jumanne: alifika na kilo 53 na nusu. Miguu ilikaza, alitapika, alibebwa mpaka kwenye gari.

1. Siku ya Ijumaa mashine ilivuta maji kiasi gani kila saa?
2. Siku ya Jumanne je?
3. Kwa mtu wa kilo 50, mililita 13 kwa kila kilo ni mililita ngapi kwa saa moja? Siku ipi ilivuka kiasi hicho?
4. Jumanne ijayo, mgonjwa huyu amwombe nini muuguzi kabla mashine haijawashwa?